Hodi, Nyuma ya Gereji

Ukishapita duka la matairi, hapa Ibra,
kata kushoto penye gereji ya yule Mkerala,
egesha gari kivulini kama kipo (hakipo),
kisha fuata mfereji mpaka harufu ya grisi
ishindwe na ya ubani.

Bi Ghaniya anatangulia na fimbo yake.
Mimi nyuma, bakuli la halwa mkononi,
miwani ya jua usoni, na dharau kidogo
ambayo sikuiacha garini.

Mzimu wenyewe ni ukuta.
Ukuta wa udongo uliosahauliwa na tingatinga,
na vishubaka vitatu, kila kimoja
ukubwa wa kisanduku cha mita ya umeme.

Katika cha kwanza anakaa Baba Funguo.
Hana sura. Ni birika la kahawa lililokatika mdomo.
Ukipoteza ufunguo, pasipoti, mume,
unammiminia kahawa chungu,
na usimharakishe.
Miguuni pake zimerundikana funguo
za nyumba zisizokuwapo tena.

Cha pili ni cha Mama Kikohozi,
jino la ngamia lililoviringwa kitambaa chekundu.
Huyu hataki ubani. Humpalia.
Hupenda ukwaju, na watoto wanaoletwa usiku.
Bi Ghaniya alimwekea peremende moja, akasema,
"Sina haja nawe mwaka huu,
lakini tusigombane."

Anayefagia ni Mofizul, mtu wa Silheti.
Hajui mambo haya ni ya nani, wala hakuuliza.
Fagio alilikuta,
akaona haya kuliacha limekaa bure.
Kila Ijumaa huacha biskuti moja
kwa yeyote mwenye njaa.

Msikiti uko hatua mia. Imamu anajua.
Mwaka juzi alikuja kukemea,
akakemea vizuri, kwa aya na kwa hadithi,
akarudi siku ya tatu
kuulizia ufunguo wa stoo.

Cha tatu ndicho tulichokijia.
Jiwe. Jiwe la matumbawe, lenye vitundu,
jepesi kama mkate wa mofa wa juzi,
limevikwa kipande cha kanga
ambacho mkasi ulikata maneno yake katikati:
USINI—
Usinisahau? Usinisumbue?
Kila mtu husoma la kwake.

Bibi yake Bi Ghaniya alilileta toka Wete
ndani ya kopo la maziwa ya unga,
siku walipoambiwa wachukue wanachoweza kubeba.
Wengine walibeba dhahabu.
Yeye alibeba jirani.

Wenyeji humwita Zinjibariya.
Humletea mgeni asiyepata usingizi,
ambaye kitanda chake kimeelekea upande usio wake.
Wanasema hasikii Kiarabu.
Amekaa hapa miaka sitini
na hataki kujifunza.

Wanangu nao hawataki Kiswahili.
Mama, cha nini? Utasema na nani?

Bi Ghaniya aliegemea ukuta, akamnong'oneza:
bei ya samaki. Nani kafa. Goti la kushoto.
Nilingoja aombe. Hakuomba kitu.
Nilishika halwa mpaka ikaanza kulainika.

Ndipo, upande wa pili wa ukuta, miguu ya mtoto,
pekupeku, mbio, kisha ikasita.
Mtoto wa mtaani, Kiarabu kitupu kwao,
kafundishwa neno moja la kubishia mlango
na kalibeba kwa meno, asilidondoshe:
"Odi, bibi. Odi."
Herufi ya kwanza imemwanguka njiani.

Bi Ghaniya akanitazama.
Jiwe likanyamaza, kama ilivyo ada ya mawe.
Na mimi, mwenye miwani, mwenye digrii,
sijui ulimi wangu ulitumwa na nani.
"Karibu," nikasema.
"Karibu, mwanangu. Pita ndani."

Kimya.
Kisha mbio, na ukelele, wa furaha au wa hofu,
ukifuata mfereji mpaka nyumbani
kumwambia mamake
kwamba leo ameitika.